Kiti cha Alhamisi

Kananga, tarehe 12 Mei 1980

Yaya Kabedi, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya dirisha la tiketi, na watu walioko nje wanadhani nashughulikia orodha yao. Waache wadhani. Tangu asubuhi nimesema "hakuna nafasi" mara nyingi hata nahisi nikirudi nyumbani nitamwambia mke wangu hivyo hivyo akinipa chakula.

Kampuni imepunguza ndege tena. Mwaka jana zilikuwa tatu kwa wiki za kuja huko kwenu, baada ya Pasaka zikawa mbili, na kuanzia wiki hii imebaki moja, ya Alhamisi, nayo inapita Lubumbashi kwanza. Wakubwa wanasema mafuta ya ndege yamepanda bei mara mbili tangu mwaka mpya. Halafu Lubumbashi penyewe ni msongamano: gari la kujaza mafuta limebaki moja, ndege zinalipangia foleni kama wanawake kwenye bomba. Ikifika saa kumi alasiri ndege yetu bado inangoja, rubani anaikata Kolwezi na kurudi zake, kwa sababu uwanja wenu hauna taa na jua halimngoji mtu. Kwa hiyo hata hiyo Alhamisi moja ni ya kubahatisha. Kuna watu wenye tiketi za tangu Machi wanaishi hapa uwanjani na masanduku yao, wanapika hapa, wanafua hapa. Wananitukana mimi. Aliyepandisha bei hawamjui, mimi wananiona.

Mkubwa wangu wa kazi Tata Tshilombo, anayeniona kama mdogo wake, ananiambia, "Petit, usibebe ile mambo ku roho. Haiko wee njo ulipandisha bei ya mafuta." Ni kweli, lakini haisaidii.

Sasa nikuulize lile ambalo limenifanya nishike kalamu. Mama bado hataki barua zangu zisomwe mbele yake? Ni miaka minne, Yaya. Najua hujasahau. Siku ya tatu baada ya kumzika Tata, baba yetu, kazi ilikuwa mpya na tiketi ilikuwa na tarehe, nikainama na begi langu mkononi kumuaga Mama pale kwenye mkeka wa kilio, naye akasema mbele ya watu wote, "Ndeke njo mama yako sasa. Enda naye. Siku yangu mi, usifike." Siku yake, yaani ya kufa kwake. Nilifikiri ni uchungu wa kilio, utapita. Haukupita. Nalala na neno lile, naamka nalo.

Mwezi wa nane nina likizo. Nataka kuja kupiga magoti. Niambie ukweli, atanipokea au atanifukuza?

Nimekutumia sabuni mbili na chupa ya dawa ya kikohozi kwa mkono wa aliyebeba barua hii. Nisalimie shemeji Kalombo na watoto.

Mdogo wako,
Muamba


Kolwezi, tarehe 29 Mei 1980

Mdogo wangu Muamba,

Barua yako imefika jana. Siku kumi na sita! Ingekuja kwa miguu ingefika mapema na kupumzika. Dawa imefika, sabuni moja imefika. Ya pili nadhani imemwogesha aliyeibeba, na kama ni hivyo amekuwa msafi sana.

Nimemsomea Mama. Sikumwomba ruhusa. Alikuwa anachambua majani ya sombe, nikakaa karibu yake nikaanza tu, nikingoja aninyamazishe kama siku zote. Hakuninyamazisha. Nilipomaliza alichambua majani mengine mawili matatu, kisha akasema, "Soma tena pale anasema kupiga magoti." Nikasoma tena. Kalombo alipotoka kazini kwenye mgodi wa Musonoi akatukuta bado tumekaa, moto umezima na bukari haijapikwa, akauliza nani amekufa.

Basi jibu lake ni hili, kama alivyolisema: "Mwambie akuye. Ile neno ilitoka mu kinwa yangu mbele ya macho yake, itarudia njia ile ile. Haiko kintu ya kutia mu enveloppe." Unajua desturi yetu, sina haja ya kukufundisha. Mzazi aliyefunga kwa kinywa anafungua kwa kinywa: mtoto anapiga magoti, mzazi anampulizia maji na kulirudisha neno lake mbele ya shahidi. Shahidi atakuwa Mjomba Ngeleka, ndugu yake. Akifa bila kufanya hivyo, neno linabaki na mtoto maisha yake yote, na halina mwingine wa kulitoa. Kwa hiyo usije ukatuma tena sabuni. Jilete wewe.

Yeye mwenyewe hajambo. Ni kikohozi kidogo tu cha baridi, asubuhi za huku sasa zinauma. Agosti si mbali.

Ananiita, niache hapo.

Yaya wako,
Kabedi


Kananga, tarehe 12 Juni 1980

Yaya,

Barua yako nimeisomea chooni kazini, ili watu wa foleni wasimwone mtu wa tiketi akilia. Nimeisoma mara tano. Mwambie Mama nakuja. Mwambie hata magoti nimeshaanza kuyazoeza.

Shida ni kiti. Sisi wa kampuni tunasafiri bila kulipa, lakini ni kwenye kiti kilichobaki, na siku hizi hakibaki hata cha panya. Wiki iliyopita ndege ilikatwa, mafuta hayakufika. Leo imekuja, lakini watu wa wiki mbili walikuwa wanagombea ndege moja, na mzee mmoja alivunjwa jino mlangoni. Tata Tshilombo ameapa kwamba Agosti ataniwekea kiti hata kama itabidi rubani asimame.

Nikusimulie kitu kimoja ili ujue kazi hii imenifanya mtu wa namna gani. Kila mmoja sasa analeta telegramu dirishani. "Baba mgonjwa sana kuja haraka." "Mama mgonjwa sana kuja haraka." Wewe unajua, mimi najua, hata anayepokea telegramu posta anajua: sisi hatuandiki kifo kwenye karatasi. Tunaandika ugonjwa, ili mtu asianguke njiani, aje alilie nyumbani katikati ya ndugu. Basi mimi na Tata Tshilombo tumejiwekea sheria. Mwenye telegramu ya "mgonjwa sana" anangoja, kwa sababu mtu wake ameshakwenda na hatamkuta. Mwenye mgonjwa mikononi, tunayemwona anapumua, ndiye anapanda. Ni sheria ya moyo mgumu, lakini bila hiyo ningeshapata wazimu. Wanaponililia nawatazama paji la uso, si macho.

Nimechoka, Yaya. Nina miaka thelathini na moja na ninajisikia mzee kuliko Tata alipostaafu mgodini.

Mbusu Mama shavu la kushoto, lile lenye kovu.

Muamba


TELEGRAMU
KOLWEZI 24 JUNI 1980
KWA MUAMBA UWANJA WA NDEGE KANANGA
MAMA MGONJWA SANA KUJA HARAKA
KABEDI


Kananga, Alhamisi tarehe 26 Juni 1980, asubuhi

Yaya wangu,

Nimeipata telegramu juzi jioni. Nimeelewa. Hukuwa na haja ya kuongeza neno.

Nilijidanganya kwa muda wa saa moja hivi. Nikasema labda ni kweli anaumwa. Kisha nikachukua barua yako ya Mei, "hajambo, kikohozi kidogo tu," na nikajiuliza kikohozi kidogo kinafikaje "mgonjwa sana" kwa wiki nne. Nimezisoma telegramu hizi dirishani kwa mamia. Siwezi kujifanya sijui lugha yake kwa sababu safari hii ni yangu.

Tata Tshilombo, Mungu ambariki, alifuta jina la mtu mmoja jana akaandika langu. Nilikuwa na kiti cha leo, Yaya. Nilikuwa na karatasi yake mfukoni. Asubuhi hii, kabla hatujafungua, akaja mama mmoja anaitwa Tshiela, mume wake ni fundi huko Kolwezi. Amebeba binti wa miaka minne ambaye tumbo limekuwa gumu kama ubao, na barua ya daktari inasema apasuliwe wiki hii. Huku hakuna dawa ya kumlaza. Huko hospitali inamngoja. Alikuwa hajui hata kulia, alisimama tu mbele yangu na kunionyesha mtoto.

Sheria niliyowawekea wengine ningeirukaje mimi? Mama hana haraka tena. Mtoto yule anayo. Nimempa kiti changu.

Kwa hiyo barua hii inakuja imeketi pale ambapo ningeketi mimi. Mama Tshiela nimemweleza msiba wetu na nimemwomba apite kwenu moja kwa moja kutoka uwanjani. Mzikeni Mama, msiningoje, maiti haikai siku saba. Mimi napanda treni kesho na gunia la unga kwa ajili ya watu wa matanga.

Neno limebaki na mimi. Alisema nisifike, na tazama. Simlaumu. Nimelia mpaka nimechoka, sasa nimechoka tu. Niwekeeni kitambaa chake kimoja, chochote, nipate cha kushika nikifika.

Muamba


Kolwezi, Ijumaa tarehe 27 Juni 1980

Muamba,

Mama hajafa.

Soma tena hapo juu kisha uendelee. Mama yuko hai. Anaumwa sana, kwa maana ya kuumwa.

Jana tangu saa sita mchana alikuwa ameoga. Alivaa kile kitambaa chake cha kijani, akaomba kigoda kiwekwe mlangoni aone barabara, na kikombe cha maji kando yake. Mjomba Ngeleka alikuwa amekaa tayari na koti lake la kanisani. Majirani walijaa uani kama kawaida nyumba ikiwa na mgonjwa. Saa tisa tukasikia ndege. Mama akasema, "Ni yeye," na akajifuta midomo.

Ikaja taksi. Akashuka mwanamke tusiyemjua, na mtoto mgongoni. Alipoona watu wote wale uani, akafungua kilemba chake, akajitupa chini na kuanza kulia, "Mama Ngalula eee! Umetuacha na nani, Mama Ngalula!"

Mama peke yake ndiye aliyepata sauti. "Wee mama," akamwuliza, "unalilia nani?"

"Ninalilia Mama Ngalula."

"Mama Ngalula njo mi."

Yule maskini aliketi pale vumbini, mkono juu ya kinywa. Kisha akatoa barua yako. Mama akataka isomwe. Nikasema ni salamu tu. Akaniambia, "Kabedi, mi ni mugonjwa, siko mupumbafu." Nikaisoma yote, mpaka pa maiti haikai siku saba. Akacheka! Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, tukamshikilia watu wawili. Alipopata pumzi jambo la kwanza aliuliza, "Na mutoto?" Akamwamuru Kalombo awapeleke hospitali kwa taksi ile ile, na kigoda chake akampa yule mama ili huko hospitali asubiri akiwa ameketi. Binti amepasuliwa jana hiyo hiyo, anaishi. Mama anauliza habari zake kuliko zako.

Lakini watu walipokwisha kuondoka aligeukia ukuta. Kisha akasema, "Alikuwa na kiti, Kabedi."

Nimekukasirikia tangu jana, nikaamka asubuhi nimejikasirikia mimi. Nilikuficha. Miguu ya Mama imevimba tangu Pasaka, daktari anasema ni moyo, na mimi nikakuandikia kikohozi. Alinikataza. "Usimwandikie ugonjwa," alisema, "atasema mi ninamwomba." Alitaka uje kwa kutaka kwako. Nikamtii, na kwa hiyo telegramu ilipokufikia hukuwa na sababu ya kuiamini. Tumekosa wote wawili, wewe kwa sheria yako ya dirishani na mimi kwa adabu yangu.

Leo asubuhi nimekimbia posta kutuma telegramu nyingine. Mtu wa posta akaniambia itafika Kananga kesho, na treni yako inaondoka leo. Barua hii nampa kondakta mmoja, rafiki ya Kalombo, anayepanda kaskazini. Ameniahidi atauliza jina lako kila stesheni mpaka treni zenu zikutane.

Popote ulipo, usiwe na subira. Gombana na watu. Daktari haniambii siku ngapi, na nikimwuliza anatazama paji langu la uso.

Kabedi


Kaniama, tarehe 3 Julai 1980

Yaya,

Jana kondakta alipita kwenye mabehewa akiita, "Muamba wa Kananga! Muamba wa ndeke!" Nikainua mkono. Niliposoma mstari wa kwanza nilicheka kwa sauti, halafu nikaketi kwenye gunia langu la unga.

Unapaswa kujua kwamba behewa zima lilikuwa linaomboleza nami tangu Kananga. Waliniimbia nyimbo za kanisa. Mwalimu mmoja alinipa blanketi lake, na mzee mmoja kutoka Luputa alinipa kuku wa rambirambi, kuku mzima. Ikabidi nisimame niwaambie mama yangu hajafa. Yule mzee akamtazama kuku, akanitazama mimi, kisha akasema, "Basi umupelekee, akunywe muchuzi." Watu wakapiga makofi, wengine wakaanza kulia upya. Sijawahi kuona haya na furaha kwa pamoja namna ile.

Lakini treni haiendi. Tuko hapa Kaniama tangu Jumapili. Kichwa cha treni hakina mafuta. Wanasema yatatoka Kamina, Kamina wanasema yatatoka Lubumbashi. Mkubwa wa stesheni amekaa nyuma ya dirisha lake na kila tukimwuliza anasema, "Mungoje." Nimemwangalia yule mtu, Yaya. Hawezi kututazama machoni. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika mkono, yote mawili, nikarudi kuketi.

Nimejaribu malori. Lililopita jana lilikuwa limebeba mahindi, na watu juu ya mahindi, na mbuzi juu ya watu. Padre wa misheni anakwenda Kamina leo kwa pikipiki, lakini nyuma amemfunga katekista mgonjwa kwa kamba asianguke. Atachukua barua tu, huko kuna treni za umeme zinazokwenda kwenu, zenyewe hazidai mafuta.

Kwa hiyo nimekata shauri. Kesho alfajiri naanza kwa miguu, kwa kufuata reli, mimi na yule mwalimu. Wanasema ni siku tano mpaka Kamina, sita kwa mtu wa ofisini. Gunia la unga nimewaachia wenye watoto. Kuku nitakwenda naye.

Nimewaambia watu wangapi "ngojeni" katika maisha yangu? Sikujua ni neno zito hivi. Nilidhani ni neno tu la kazi.

Mwambie Mama sikuacha kiti kwa sababu simtaki. Mwambie niliona ameshanitangulia, nikaona aibu kukimbilia maiti wakati mtoto wa mwenzangu anapumua. Mwambie nakuja kwa miguu yangu, si kwa ndege. Wahenga walisema kawia ufike. Mwombe na yeye akawie kidogo.

Muamba


Kolwezi, tarehe 10 Julai 1980
Kwa Muamba Tshimanga, anayekuja kwa miguu kutoka Kaniama. Mkubwa wa stesheni ya Kamina ampe mkononi.

Mdogo wangu,

Mama amekufa. Amekufa Jumanne tarehe nane, asubuhi, na jana tumemzika karibu na Tata.

Mjomba Ngeleka alinikataza kukuandikia hivi. Amesema niandike ni mgonjwa sana, ili upate nguvu ya njia iliyobaki. Nimekataa. Tumegombana mbele ya wageni, mimi na mjomba wangu, katikati ya matanga. Ketini stesheni, wewe na mwalimu wako, ulie hapo hapo Kamina kama unalia. Sitakuficha kitu tena maisha yangu yote.

Barua yako ilifika Jumatatu, padre aliipa treni. Nilimsomea Mama mara tatu. Kila mara alinisimamisha pale pa kutembea. "Kwa miguu?" aliniuliza. "Ule mutoto wa ofisi? Na kuku?" Nikasema ndiyo, na kuku. Akafumba macho na akatabasamu, nami nikadhani tumepata siku nyingine nyingi. Jioni akakubali vijiko viwili vya uji. Alijitahidi kukawia, Muamba. Nataka ulijue hilo. Kila akishtuka usingizini aliuliza umefika wapi, nami nikamtajia stesheni ambazo hata sizijui.

Jumanne kulipopambazuka akaomba kikombe cha maji na pemba. Mjomba akaleta ule udongo mweupe lakini akasema, "Ngalula, mutoto haiko hapa. Hauwezi kurudisha neno mu mupepo." Mama hakuwa na nguvu ya kubishana. Alininyooshea kidole. "Kabedi alinyonya fasi Muamba alinyonya," akasema, maana ziwa letu ni moja. "Kabedi, piga magoti."

Nikapiga magoti. Akachukua maji kinywani. Hayakutoka kwa nguvu, mengi yalimtiririka kidevuni, lakini machache yalinifikia usoni. Kisha akachovya kidole gumba kwenye pemba akanipaka paji la uso na mashavu yote mawili, pole pole, kama alivyokuwa anatupaka mafuta tukiwa wadogo kabla ya shule. Akanitazama mimi na kuniita kwa jina lako. "Muamba," akasema, "nilisema usifike. Sasa nasema ufike. Ufike fasi yote utaenda." Mjomba Ngeleka akaitikia kama shahidi. Tangu hapo mpaka mwisho Mama aliniita Muamba. Nikaitikia. Ilikuwa chini ya saa moja.

Nilimwuliza Mjomba baadaye kama baraka ile inafaa. Alifikiri sana, unamjua. Amesema inafaa, lakini haijamalizika. Mimi nimeipokea tu kwa niaba yako, ni mzigo wa mwenyewe. Utapiga magoti mbele yangu, nami nitachukua maji kinywani na kukupulizia, kisha nitaitoa pemba hii usoni mwangu kwa kidole changu na kuipaka kwako. Ni ile ile ya mkono wake, hairuhusiwi nyingine. Kabla ya hapo nisiioshe.

Kwa hiyo sijanawa uso tangu Jumanne. Nimemzika Mama nikiwa hivi. Wanawake wa kanisa walinong'onezana makaburini, na mtoto wangu mdogo ananikimbia. Vumbi la msimu huu unalijua. Nalala chali kama maiti ili mto usiifute, na nikilia nainamisha kichwa mbele ili machozi yadondoke chini moja kwa moja. Shavu la kushoto limeanza kupasuka. Mama Tshiela yuko hapa tangu jana, amekuja kutoka hospitali kupika na sisi, na ndiye anayenishikia kioo nione kilichobaki.

Treni ya umeme inatoka Kamina asubuhi, Tenke unabadilisha. Usinunue chochote, usipitie kwa mtu. Mwenzako wa ndani ya nyumba hii anakuomba, yaya wako: usilale Kamina. Nimechoka, Muamba, na nataka kunawa.

Kabedi